Siku kumi Nyanda za Juu Kusini: mawe ya Isimila, milulu ya Mafinga na vyungu vya Wakisi

Nimerudi Dar wiki ya tatu sasa na bado mchanga wa Matema unatoka kwenye begi kila nikilikung'uta. Watu wameniuliza sana nilipitia wapi, nililipa shilingi ngapi, vile vyungu nilivisafirishaje, kwa hiyo nimekaa na ka-daftari kangu na picha za kwenye simu nikazipanga siku kwa siku. Pale nilipolala kwenye basi sitaandika, maana sikuona kitu.

Kwanza mjue kwa nini nilienda. Mi ni fundi, nashona mabegi ya kitenge nyumbani Tabata, na tangu mwezi wa pili hivi nilikuwa nimekwama. Kazi ipo, ila kila begi nikilishika nashindwa kuliachia, naongeza lesi, naongeza shanga, naongeza kifungo, nalala naamka naongeza pindo, mpaka mteja mmoja akaniambia dada yangu, hili ni begi au keki ya harusi? Iliniuma kwa sababu ni kweli. Sasa mwezi wa tano nikaenda msibani Kimara, kule jikoni nikakuta chungu kimoja, rangi ya chai ya maziwa, mdomo mpana, mstari mmoja mwekundu shingoni, basi. Nilikishika weee, mpaka mwenye nyumba akasema hicho cha Wakisi, kinatoka Matema kule Ziwa Nyasa, soko lake Jumamosi. Ndo nikapanga safari nzima kuanzia hiyo Jumamosi kurudi nyuma.

Jumatatu, 1 Julai 2024: Dar mpaka Iringa

Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, nauli 35,000. Chalinze na Morogoro zilinipita usingizini. Nilizinduka Mikumi kwa sababu dereva alipunguza mwendo, barabara kuu inakata katikati ya hifadhi karibu kilomita 50 na kuna mabango ya faini, kila mnyama na bei yake ukimgonga, jamaa mmoja siti ya nyuma akawa anazitaja kwa sauti kama yuko mnadani. Twiga watatu, pundamilia wengi, tembo mmoja katupa mgongo hataki habari na mtu. Yote hayo ndani ya nauli ileile.

Baada ya Mikumi ndo mibuyu inaanza. Nimeshapita njia hii mara mbili nikiwa mdogo na sikumbuki kuiona, yaani unapitaje katikati ya mibuyu yote ile usiione? Mwezi wa saba haina majani, imebaki mashina na matawi mafupi mafupi, na shina sio kijivu kama nilivyodhani. Ukiangalia jua likiwa limelala kuna zambarau ndani yake, kuna pinki, mahali gome lilipochunwa zamani limeota upya na kovu linang'aa kama limepakwa mafuta. Nilipiga picha 40 dirishani, 38 zina nguzo ya umeme.

Ruaha Mbuyuni basi likasimama dakika kumi, vitunguu dirisha zima, mahindi ya kuchoma 500. Kisha tukaanza kupanda Kitonga, na Kitonga ndo Kitonga, lori moja lilikata pumzi kwenye kona na likaziba njia. Masaa mawili na nusu tumekaa. Hapo nilipata bahati ya kukaa na mama mmoja wa Ilula, alitoka Dar kumwona mjukuu, akaniangalia nilivyovaa akasema, "Mwanangu, unakwenda Iringa na kikoti hicho?" Nikamwambia mama, si ni Tanzania hii hii. Akacheka mpaka akafuta machozi. Akafungua kapu akatoa karanga za kuchemsha tukala, giza lilipoingia akanitupia nusu ya shuka lake bila kuniuliza. Aliposhuka Ilula alitaka kuniachia, nikakataa, dakika kumi baadaye nikajuta.

Kwa watakaokwenda: mwezi wa sita, wa saba na wa nane Iringa ni baridi ya kweli, beba sweta na soksi. Mabasi makubwa yanashusha chini Igumbilo, mjini ni juu kilimani, bajaji usiku ilinichaji 6,000 na nadhani nilipigwa. Gesti 25,000, maji ya moto yapo ila uyaombe mapema.

Jumanne, 2 Julai: Isimila, na mezani kwa kalamu

Boda mpaka Isimila, kwenda, kunisubiri na kurudi, 20,000. Ni kama kilomita 20 barabara ya Mbeya. Mtanzania kiingilio chake kidogo, na kijana anayetembeza watu anaijua kazi yake, mpeni kitu.

Mtu akikuambia twende ukaone korongo unategemea shimo. Unashuka kwa miguu kwenye mchanga wa mto uliokauka, kona moja, kona ya pili, halafu nguzo hizo zimesimama kukuzunguka, ndefu kupita nyumba ya ghorofa mbili, nyingine nyembamba unajiuliza zinasimamaje. Kijana akanieleza kwamba juu ya kila nguzo kuna kofia, tabaka gumu, mvua imekula udongo laini pembeni miaka na miaka, chini ya kofia ukabaki. Kofia ikidondoka, nguzo nayo inaanza kuisha. Na rangi sasa! Chini nyekundu ya tofali bichi, katikati krimu, juu inarudi nyekundu lakini imechujuka kama kanga iliyofuliwa sana. Nilitoa vipande vya kitenge nilivyobeba kwenye begi nikavilinganisha pale pale, yule kijana akaniangalia tu.

Lakini kilichonikalisha chini ni yale mawe. Isimila imejulikana tangu 1951 kwa zana za mawe za watu wa kale, zimelala pale mchangani nyingi mno, na wataalamu wanazihesabia zaidi ya miaka 200,000. Waliochimba walikuta na mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Kijana akaokota shoka moja la mkono akanipa. Linakaa kiganjani kana kwamba limepimwa kwangu, kidole gumba kinapata mahali pake chenyewe, huku ncha na huku mviringo, na pembeni unaona kila pigo lilipobandua kipande. Nilihesabu upande mmoja, mapigo 19. La 20 halipo. Mtu yule alikuwa na jiwe bado nene, angeweza kuendelea kugonga, akaacha. Nikabaki nalo mkononi namuwaza yeye, mpaka kijana akaniambia kwa upole, dada, tunarudisha palepale. Naomba na nyie mrudishe, msitie mfukoni.

Mchana nikaenda Neema Crafts pale mjini, kazi iliyoanza 2003 ya mafundi wenye ulemavu, wengi wao viziwi. Kwenye mgahawa wao wahudumu hawasikii, unaandika oda kwenye karatasi, na ukutani kuna michoro ya ishara ukitaka kujaribu. Mi nilijaribu kusema asante, sijui nilisema nini, dada akacheka akanirekebisha vidole kimoja kimoja. Wanatengeneza vitu vingi, hata karatasi ya kinyesi cha tembo, ndio umesoma vizuri, na haina harufu. Nilisimama muda mrefu kwa kaka mmoja anayefuma kwenye kitanda cha kufumia, mguu unakanyaga, mkono unarusha, unavuta. Nikaandika kwenye karatasi: "Unajuaje kwamba imeisha?" Akasoma, akafikiri kidogo, akaandika chini yake: "Uzi ukiisha. Au saa kumi." Karatasi ninayo.

Jioni nikapanda mwamba wa Gangilonga, jiwe linaloongea maana yake kwa Kihehe, wanasema Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari. Mi halikuniongelesha, ila mji wote unauona chini na moshi wa jioni unavyotandaa juu ya mabati. Shuka kabla ya giza, njia ina mawe.

Jumatano, 3 Julai: milulu

Kosta Iringa mpaka Mafinga 5,000. Misitu ya misonobari ya Sao Hill inaanza, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, imepandwa mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Sikuipenda sana, niseme ukweli, ni nzuri kama daftari la hesabu lilivyo zuri. Nilichokipenda ni mabonde katikati yake, kule chini kwenye unyevu watu wamelima vinyungu, yale mashamba ya bondeni, yana mboga na mahindi mabichi wakati juu kumekauka, na pembeni ya vinyungu ndo inaota milulu, nyasi za kusukia vikapu.

Mama wa gesti Mafinga nilimwambia natafuta wasukaji wa vikapu, akaita mtoto wa dada yake, "Mpeleke mgeni kwa bibi yako," ndo ikawa hivyo, boda 7,000, kijiji cha ndani kidogo. Bibi tulimkuta kakaa juani kwenye mkeka, miguu kainyoosha. Nikasema shikamoo, akajibu marahaba halafu akanirudishia "kamwene", na alipoona nimeijibu vibaya akanirudia mpaka nikapatia. Hapo ndo tukaanza kuongea.

Milulu inakatwa bondeni, inaanikwa, na wakati wa kusuka inaloweshwa kidogo isije ikavunjika. Bibi anaanza na kitako, njiti chache zimekatana kama msalaba, halafu anazizungushia nyingine, anaongeza njiti mpya pale ya zamani inapoishia, na ukiangalia huoni ilipoongezwa. Nilijaribu. Kitako changu kilitoka kama kiota cha kunguru, wajukuu wakakipitisha mkono kwa mkono kila mtu akicheka kwa zamu yake.

Nikamuuliza lile swali langu. Akaniangalia kama nimemuuliza jua linachomozea wapi. "Si unaona nimegeuza ukingo? Imeisha." Kisha akanionyesha kimoja chenye mistari myeusi, mahali fulani mstari umeruka hatua moja. Anasema alikuwa anahesabu, mjukuu akamwita, akapoteza hesabu. Nikasema hukufumua? Akasema, "Nifumue ili iweje, kitabeba unga pungufu?"

Nilinunua hicho hicho chenye kosa, 15,000 bila kubishana. Wanaokuja na magari kununua kwa jumla wanampa 7,000, wakati mwingine 6,000, na mimi hapa Dar nimeviona vya aina hiyo kwa 45,000 na vimewekewa mikanda ya ngozi. Bibi bei ya Dar nilimtajia. Alinyamaza kidogo, akaongea na mjukuu wake mkubwa kwa Kihehe, sikuelewa ila yule mjukuu akatoa simu akaniomba namba. Kwa hiyo ukifika usiombe punguzo, tafadhali, na kama unapitia Mafinga uliza mama yeyote sokoni, utapelekwa.

Usiku baridi ilikuwa ya kulala na soksi mbili mbili.

Alhamisi, 4 Julai: mpaka Tukuyu

Siku ya magari. Makambako upepo, Mbeya sikuingia mjini, nilishuka Uyole nikapata kosta ya Tukuyu 4,000 nikiwa nimebanwa kati ya magunia mawili ya viazi na kuku. Kutoka Uyole barabara inapanda kisha inaanza kuteremka, hewa inabadilika, kila kitu kijani, migomba mpaka mlangoni mwa watu, mashamba ya chai yamekatwa sawasawa kama kapeti, mlima Rungwe umejifunika ukungu. Mvua ilikuwa inanyesha. Julai! Muuza duka akaniambia Tukuyu mvua haina ratiba.

Chakula cha usiku ndizi mbalaga na maharage, 3,000, parachichi nne kwa buku. Nilijifunza "ndaga fijo", asante sana, na nikaitumia mpaka nikaonekana kituko.

Ijumaa, 5 Julai: Daraja la Mungu, kisha ziwa

Asubuhi boda mpaka Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Ni mwamba umejikunja juu ya mto kama daraja la kujengwa, mabaki ya lava ya zamani za volkano, maji yakatafuta njia yake chini. Mimea inaning'inia kwenye ukingo inadondosha matone. Nilikaa nusu saa, mvua ikanifukuza.

Halafu kwenda Matema, hapa sikilizeni, watu wengi wanakwenda mpaka Kyela mjini halafu wanarudi. Ukitoka Tukuyu shuka Kikusya, njia ya Ipinda na Matema inakata pale, lami. Mi nilipata noah 5,000, tulikuwa 12 ndani, wa kumi na tatu ni mtoto hakuhesabiwa.

Unapoteremka kutoka Tukuyu unavua nguo njiani, sweta Kikusya, koti lilishatoka zamani, Ipinda nimebaki na fulana na jasho. Pembeni ya barabara kakao imeanikwa kwenye mikeka, harufu kali kidogo kama siki. Mashamba ya mpunga. Halafu mbele ukuta. Milima ya Livingstone imesimama kutoka majini moja kwa moja, haina vilima vya kutangulia wala nini, na chini yake ziwa, na ufukwe mweupe. Dereva anapita pale kila siku anaongea na simu.

Chumba karibu na maji 30,000. Samaki mbasa na wali wa Kyela 7,000, ule wali harufu yake inafika mezani kabla ya sahani.

Jumamosi, 6 Julai: soko la Lyulilo

Matema jua linachelewa. Kumeshakucha kabisa, watu wanachota maji, wavuvi wanakusanya nyavu, lakini jua lenyewe linapanda upande wa pili wa milima, na wewe bado uko kivulini. Kisha linachungulia kwenye kilele kimoja na mwanga unaanzia mbali, majini, unakuja polepole kwenye mchanga mpaka miguuni. Nilisimama nausubiri kama basi.

Nikatembea ufukweni mpaka Lyulilo, sio mbali. Mitumbwi ilikuwa inaingia, imejaa vyungu vimepangwa na nyasi kavu katikati, na wanawake wameketi juu ya ukingo na watoto mgongoni. Wanavishusha vichwani, vitatu vitatu vimepandana, wanatembea ndani ya maji yanayofika magotini, wimbi linapiga, hakuna anayeshika chungu kwa mkono. Mimi nikiwa na simu tu niliyumba.

Vyungu vikapangwa mchangani kwa ukubwa. Rangi ileile niliyoiona Kimara, wengine wamepaka udongo mwekundu shingoni, wengine wamechora kwa udongo mweupe juu ya mwekundu, mistari na nukta. Wanunuzi wa jumla kutoka Mbeya wanafanya kitu kimoja, wanakinyanyua chungu juu, wanakigonga kwa kifundo cha kidole, wanasikiliza. Kikilia kama kengele kinawekwa upande wa kununuliwa. Kikisema "tok" kinarudi. Mama mmoja akanifundisha, akanipa vizima viwili na kimoja chenye ufa usioonekana, nikagonga nikakosea, nikagonga tena nikapata, akanipigia makofi.

Bei: kidogo cha mboga 2,500, cha kati 5,000, kikubwa cha maji 12,000. Niliambiwa zamani vilibadilishwa na mahindi na maharage ya watu wa milimani, chungu kinajazwa nafaka na hiyo nafaka ndo bei yake. Nikanunua viwili, kidogo na cha kati, kwa mama mmoja anayetoka kijiji cha Ikombe. Nikamwomba nije nimwone akifinyanga. Akasema, "Njoo. Lakini kesho Jumapili sifinyangi, na kesho kutwa uje kabla mwera haujaamka."

Jumapili, 7 Julai

Mwera ni upepo wa kusini, miezi hii unavuma na ziwa linakuwa na hasira. Siku nzima mawimbi, hakuna mtumbwi. Kwaya kanisani unaisikia mpaka ufukweni. Nilikaa chini ya mti nachora, usipa, dagaa wa ziwa hili, umeanikwa mchangani unang'aa kama mapesa ya sarafu, nimeharibu kurasa nne. Ukipanga safari acha siku moja ya ziada Matema, ziwa halijui tiketi yako ya basi.

Jumatatu, 8 Julai: Ikombe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtumbwi, kijana wa kasia 15,000 kwenda na kurudi. Maji yalikuwa kama kioo, mlima unashuka ndani yake na unaendelea kushuka, kijana anasema hapa ukitupa nanga hairudi. Ziwa hili lina kina cha mita 700 na kitu, nilipolikumbuka hilo nikashika ukingo kwa mikono miwili. Alinicheka.

Mama alikuwa ameshaanza, nje ya nyumba, kivulini. Shangazi yake kakaa pembeni anapondaponda udongo. Hakuna gurudumu. Ana gae la chungu cha zamani limepinduka kama kisahani, juu yake donge la udongo, na analizungusha gae kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unavuta udongo juu. Ngumi inaingia katikati, ukuta unapanda, anachukua kipande cha kibuyu analainisha ndani, gae linazunguka, tumbo la chungu linafura kidogo kidogo mpaka linafikia pale unapodhani litapasuka. Halipasuki. Mdomo anaufanya kwa jani bichi lililoloweshwa, mzunguko mmoja, wa pili, limekuwa mdomo. Sikuangalia saa lakini chai yangu haikupoa.

Nilitamani sana kuuliza swali langu, nikawa naona aibu, nikauliza hivyo hivyo. Hakunijibu. Alikinyanyua kile chungu na gae lake, akageuka akakiweka nyuma ya mgongo wake, akavuta donge lingine. Nikadhani hajasikia. Shangazi yake ndo akasema, huku anaendelea kuponda, "Akiendelea kukiona atakishika."

Vilivyokauka wanavisugua kwa kokoto laini mpaka ving'ae, kisha rangi, kisha moto. Siku hiyo jirani alikuwa anachoma, vyungu vimelundikwa uwanjani, kuni na nyasi kavu juu yake, unaona kichuguu cha moto tu. Baadaye majivu yanafutwa kwa kijiti na vinatokea vimebadilika rangi. Vitatu vilipasuka. Jirani alivihesabu, akasema basi, magae ya kufinyangia nimepata.

Walinipa ugali na usipa na hawakutaka pesa, niliacha sukari na sabuni niliyobeba. Kurudi tulichelewa, mwera uliamka, na nitasema tu kwamba niliimba nyimbo zote za Sunday School ninazozijua.

Jumanne na Jumatano, 9 na 10 Julai: kurudi

Matema, Kikusya, Uyole. Pale Uyole nikiwa natafuta boksi la kuwekea vyungu, kijana anayeuza maembe mabichi akaniambia sista, boksi litakuliza. Akaenda kwa mama wa ndizi akaja na majani makavu ya mgomba, akajaza ndani ya vyungu kwanza, kisha akavifunga nje kama mtoto mchanga, kisha akavitumbukiza kwenye kikapu changu cha bibi wa Mafinga. Nikampa 2,000, akachukua 1,000.

Mbeya mpaka Dar 50,000. Kikapu nilikipakata. Maeneo ya Iringa konda akaniambia lazima kishuke kwenye buti, tulibishana, nikashindwa. Mbezi saa tano usiku nimefungua, cha kati kizima, kidogo kimepasuka mdomo. Nisingekubali kukishusha, nyie mkatae hata kwa kulia.

Jumla nilitumia kama laki sita na kidogo, kulala, kula, nauli na vitu nilivyonunua humo humo. Chungu kipya usikikurupushe motoni, kipikie uji mwepesi kwanza kama nilivyoelekezwa, na kitumie kwenye mkaa, sio gesi. Cha kati nimekipikia maharage tayari mara tatu. Kile kidogo kilichopasuka kinakaa mezani pembeni ya cherehani, nimekiwekea vifungo.

Na begi nimemaliza moja. Rangi tatu za Isimila, mshono mmoja mweusi unaoruka hatua, basi. Nimelitundika nyuma ya mlango. Juzi usiku niliamka kwenda kulichungulia, lesi ilikuwa palepale mezani, sikuishika, ila niliiangalia.